Haiwaki Vipi?

   Leo nimekuja na neno moja tu, na ningependa tukae nalo mpaka tulielewe vizuri. Neno lenyewe ni "haiwaki".

Nalisikia kila wiki. Simu inalia, mtu ana haraka, anasema, "Fundi, kompyuta haiwaki." Nami nimejizoeza kujibu kwa swali: "Haiwaki vipi?" Wapo wanaoudhika. Kwao kitu ama kinawaka ama hakiwaki, sasa huyu anauliza nini? Lakini kwa kompyuta ya mezani, hasa ya zamani, neno hilo moja limebeba magonjwa matatu tofauti. Kila ugonjwa una dawa yake, na anayeyachanganya huishia kununua mashine nyingine wakati ile ya kwanza bado nzima.

Nianze na kisa. Tanga, mtaa wa Ngamiani, kuna mama mwenye stesheneri. Ana kompyuta moja ya mtumba, kasha zito la chuma, amefanya nayo kazi miaka kumi na moja. Humo ndimo zilimochapwa barua za kuomba kazi za vijana wa mtaa, kadi za michango ya harusi, katiba za vikoba, mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Jumanne moja alinipigia. "Mwanangu, mashine imekufa. Kuna fundi alikuja jana jioni, kafungua, kaangalia, kasema madabodi imeungua. Anasema nitafute nyingine."

Nikamuuliza, "Mama, kabla fundi hajaja, ilikuwa haiwaki vipi?"

Akafikiri. Kisha akasema, "Ilikuwa inaandika Kiingereza kwenye kioo, herufi nyeupe kwenye weusi, halafu inakaa hapohapo. Nikaogopa kubonyeza kitu nisije nikafuta kazi za watu."

Hapo ndipo nilipovaa viatu. Ilikuwa inaandika! Mashine inayoandika kwenye kioo imeshapata umeme, imeshaikagua RAM yake, prosesa yake inafanya kazi, na madabodi yake imesimama. Iliyoungua haiandiki. Kwa hiyo kati ya Jumatatu asubuhi na Jumatatu jioni kuna jambo lilikuwa limebadilika. Tutarudi Ngamiani, lakini kwanza tuyatenganishe magonjwa yenyewe.

Wa kwanza ni ukimya. Unabonyeza kibonyezo cha kuwashia, hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Wa pili, taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Wa tatu, kioo kinaonyesha kitu, nembo au maandishi, ila Windows haifunguki. Ukinipigia simu ukanitajia ni upi kati ya hayo, umenipunguzia nusu ya kazi na wewe umejipunguzia gharama.

Ukimya, ule ugonjwa wa kwanza, mara nyingi chanzo chake kiko nje ya kasha. Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Kama simu haili chaji, kompyuta umeisingizia. Ondoa ekstensheni, waya uende moja kwa moja ukutani. Plagi zetu hizi za miguu mitatu ya bapa, tulizorithi kwa Mwingereza, zina fyuzi ndogo ndani yake, na fyuzi hiyo huungua bila kutoa moshi wala harufu. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: waya wa umeme wa kasha na waya wa monita kwa kawaida ni wa aina moja. Zibadilishe nafasi. Kama monita nayo imezima sasa, mgonjwa wako ni waya, na waya unauzwa duka lolote la vifaa vya umeme.

Kisha geuza kasha utazame mgongoni. Karibu na tundu la waya wa umeme, kwenye mashine nyingi za zamani, pana swichi ndogo nyekundu yenye namba, 115 au 230. Nawaomba wote mnaonunua kompyuta za mtumba zilizotoka Marekani mnisikilize vizuri hapa. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wa Tanzania ni 230, wa Kenya 240. Swichi ile ikiwa kwenye 115, pawa saplai hupanga saketi yake iuzidishe umeme mara mbili ili upate kutosha. Ukiichomeka kwetu hivyohivyo, inazidisha mara mbili umeme ambao tayari ni mkubwa. Unasikia kishindo, unanusa harufu ya kuungua, na mashine iliyovuka bahari salama inaharibika siku ya kwanza ya kazi. Kabla hujachomeka chochote, sogeza swichi hiyo iende 230 kwa ncha ya bisibisi. Kama swichi hiyo haipo, soma kibandiko cha pawa saplai. Nyingi za miaka ya karibuni zimeandikwa 100 mpaka 240, na hizo hujirekebisha zenyewe.

Ukuta mzima, waya mzima, swichi iko mahali pake, na bado kimya? Sasa fungua ubavu wa kasha na uchungulie, bila kugusa kitu. Kompyuta za mezani zilizofuata mpangilio wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995, hazizimi kabisa zikiwa zimechomekwa. Volti 5 hubaki zikipita kwenye madabodi mchana na usiku, kama mlinzi aliyebaki getini. Kwenye madabodi nyingi utaona taa ndogo ya kijani inayoonyesha volti hizo. Ikiwaka, umeme unafika. Ndiyo maana pia husemwa chomoa waya kabla ya kutoa au kuingiza kifaa chochote. Kuzima tu hakutoshi.

Kibonyezo cha mbele nacho kinaeleweka vibaya. Hakikati umeme kama swichi ya taa ya chumbani. Kazi yake ni kupiga hodi: hugusisha nyaya mbili nyembamba kwa nukta moja, madabodi ikasikia, nayo ikaiamuru pawa saplai iamke. Kikiliwa na kutu au kikijaa vumbi, unabonyeza na hodi haifiki. Nimekuta kompyuta iliyowekwa stoo miezi kadhaa kwa sababu ya kibonyezo tu. Kama kasha lina kibonyezo kingine cha kuanzisha upya, hamishia nyaya zake mahali pa nyaya za kuwashia, na mashine itawaka kwa kibonyezo hicho.

Kuna dawa nyingine isiyo na gharama. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, pawa saplai wakati mwingine hujifunga ili kujilinda. Chomoa waya ukutani, shikilia kibonyezo cha kuwashia sekunde 30, ngoja dakika chache, chomeka tena. Mashine kadhaa zimefufuka mikononi mwangu kwa njia hiyo.

Lakini kuna mpaka. Boksi la pawa saplai usilifungue. Ndani yake mna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa waya. Mwachie fundi mwenye mita. Yeye atapima waya wa njano, ambao unatakiwa kutoa volti 12, na mwekundu, volti 5. Kwa wa njano, kati ya 11.4 na 12.6 ni salama. Kwa mwekundu, kati ya 4.75 na 5.25. Zikishuka chini ya hapo, pawa saplai imechoka na hubadilishwa yote. Uzuri wa mashine hizi za mezani ni kwamba kipande kimoja hutoka na kingine kikaingia, bila kuigusa mashine nzima.

Tuje kwenye ugonjwa wa pili, feni inavuma na kioo ni cheusi. Hapa ndipo madabodi nyingi huhukumiwa bila kosa, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi.

Anza na monita. Ichomoe kwenye kompyuta, iwashe peke yake. Monita nzima itaandika kwamba haipati mawasiliano. Isipoandika kitu, mgonjwa ni monita. Ikiandika, tazama kebo yake ilikuwa imechomekwa wapi. Baadhi ya mashine zina matundu mawili ya buluu yanayofanana, moja kwenye madabodi, jingine chini yake kwenye kadi ya picha. Kadi ikiwepo, kwa kawaida tundu la juu halitoi picha. Mtu amehamisha meza, amefagia, amerudisha kebo kwenye tundu la juu, na kuanzia hapo "kompyuta haiwaki".

Kama kebo iko sawa, tega sikio. Ndani ya kasha huwa mna spika ndogo, na mashine ikikwama kabla ya kupata picha hujieleza kwa milio. Kila mtengenezaji ana hesabu yake. Kwa mfano, zile HP Compaq za mfululizo wa dc, ambazo zilijaa maofisini na mashuleni, hulia huku taa nyekundu ikipepesa: mara nne ni umeme, mara tano ni RAM, mara sita ni picha. Hesabu kwa vidole, andika kwenye karatasi. Fundi atakayekuja ukimwambia, "Inalia mara tano, inanyamaza, inaanza tena," atajua mahali pa kuanzia.

Na mahali pa kuanzia, mara nyingi kuliko pengine popote, ni RAM. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi na unyevu. Vile vidole vya rangi ya dhahabu vilivyo kwenye ukingo wa kipande cha RAM hushika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo unatosha kukata mawasiliano. Chomoa umeme. Shika chuma cha kasha kwanza, ili chaji iliyo mwilini mwako iishie hapo isiende kwenye RAM. Fungua klipu za pande zote mbili, toa kipande, sugua vile vidole taratibu kwa ufutio wa penseli, ule laini, kisha pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu. Safisha pia nafasi yake kwa brashi. Rudisha kwa kukandamiza ncha zote mbili mpaka klipu zijifunge zenyewe, na usikie, tap, upande huu, tap, upande ule. Kama vipande ni viwili, jaribu kimoja kimoja, na ujaribu kila nafasi. Usilazimishe kipande kisichotaka kuingia. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na kwa haraka zinafanana, lakini pengo lao haliko mahali pamoja. Aliyetumia nguvu amevunja nafasi, na hiyo sasa ni hasara ya kweli.

Kila unachobadilisha, badilisha kimoja, kisha washa uone. Fundi anayetoa RAM, kadi, diski na betri kwa mpigo mmoja, akarudisha vyote ikawaka, hajui alichotibu. Na isipowaka, hajui alichoongeza.

Mkiwa mmefungua, tazameni pia vile vijipipa vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Hizo ni kapasita, na kichwa cha kila moja kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimevimba kama andazi, au kimevuja ute wa kahawia, imekufa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka kama mwaka 2007, madabodi nyingi sana duniani zilitoka viwandani na kapasita zenye maji mabovu ndani yake. Ugonjwa huo ulizikumba chapa nyingi kubwa. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizokuwa na tatizo hilo. Mashine za kizazi hicho ziliendelea kuzunguka kwenye masoko ya mtumba kwa miaka mingi baadaye. Na hapa niwataje kwa heshima mafundi redio wa mitaani kwetu. Kung'oa kapasita iliyovimba na kuchomelea mpya yenye ujazo uleule, na volti zisizopungua za ile ya zamani, ni kazi wanayoiweza. Madabodi ya namna hiyo ina kasoro ya kipande kimoja kidogo, na anayesema imeungua yote ameikatia tamaa mapema.

Kuna mashine nyingine huwaka sekunde chache ikajizima. Hiyo shika feni ya prosesa uitikise kidogo, ikiwa imezimwa. Kwenye prosesa za Intel za soketi 775 feni hushikiliwa na pini nne za plastiki, na pini moja ikiachia, prosesa hupata joto upesi na mashine hujizima kujiokoa.

Ugonjwa wa tatu: kioo kinaandika, Windows haifunguki. Kabla ya chochote, zunguka kasha uchomoe flashi zote. Kwenye stesheneri hili ni la kila siku: mwanafunzi kaja kuprinti, kaondoka, flashi yake imebaki nyuma ya mashine. Asubuhi kompyuta inaitafuta Windows ndani ya flashi, haiioni, inagoma. Chomoa, washa upya.

Halafu diski. Ikitoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, izime wala usiendelee kujaribu, maana kila ukiiwasha unaweza kuwa unaikwaruza zaidi. Na nawasihi, fundi akikwambia dawa ni kupiga windo, yaani kuweka Windows upya, mzuie mkono kwanza umuulize: kazi zangu umezihamishia wapi? Vitu vyako haviko kwenye madabodi, wala haviko kwenye pawa saplai. Viko kwenye diski, na diski hutoka kwa skrubu chache, ikaunganishwa kwa kebo ya USB kwenye kompyuta nyingine, ukanakili kila faili hata kama kasha zima limekufa. Nimeona mwalimu akilia kwa alama za wanafunzi wa miaka mitatu zilizofutwa wakati wa kupiga windo, kwenye mashine ambayo tatizo lake lilikuwa kebo ya diski iliyolegea. Sijaisahau siku hiyo. Kila nikifungua kasha la mtu, kebo hiyo ndiyo naibonyeza kwanza.

Imebaki betri. Kwenye madabodi pana betri ya duara, bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mashine wakati umeme haupo. Sasa ukumbuke yule mlinzi wa getini, zile volti 5 zinazobaki mashine ikiwa imechomekwa. Huyo hushika kazi ya betri. Betri inaweza kufa mwaka huu na wewe usijue kwa miaka miwili, kwa sababu mashine yako haichomolewi. Mpaka usiku mmoja umeme ukatike kwa saa nyingi. Saa inapotea, mipangilio inapotea, na asubuhi mashine inakuandikia kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu zake hazieleweki, ubonyeze F1 uendelee.

Mmeona sasa yaliyotokea Ngamiani. Umeme ulikatika Jumamosi jioni ukarudi Jumapili adhuhuri. Jumatatu mashine ikaandika. Mama akaogopa, akamwita fundi wa jirani, akamwambia neno moja: haiwaki. Yule kijana, kwa nia njema, akatibu "haiwaki" kama anavyoitibu kila siku, akatoa RAM akaipangusa. Alipoirudisha, klipu ya upande mmoja haikujifunga. Akawasha, kioo cheusi. Akajaribu tena, cheusi. Akahitimisha kwamba madabodi imeungua. Kuanzia hapo mashine ilikuwa na magonjwa mawili, na wa pili haukuwa wake.

Nilipofika nilimsalimia mama, nikakaa sakafuni na tochi. Klipu ile niliiona kabla sijagusa kitu, imeinuka kidogo tu. Nilitoa RAM, nikasugua, nikaikandamiza mpaka ikajifunga pande zote mbili. Nikawasha. Mlio mmoja mfupi, kisha yale maandishi meupe ya Jumatatu. Mama akasema, "Ndiyo hayo! Ndiyo hayohayo!" kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi. Nikambonyezesha F1 yeye mwenyewe, kwa kidole chake, ili siku nyingine asiogope. Windows ikafunguka. Akaenda moja kwa moja kwenye folda ya kazi za wateja, akafungua moja, akafunga, akafungua nyingine.

Saa ya mashine ilikuwa imerudi tarehe 1 Januari 2008. Tuliizima, tukabadilisha betri, ambayo bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai, tukaiwasha na kuirekebisha tarehe. Betri ya pili nilimwachia, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Ikiandika F1." Mlangoni alikuwa amesimama kijana na flashi mkononi, ana barua ya kuomba kazi inayotakiwa kufika kabla ya saa tisa.